Sura ya Saba: Marufuku Kufunga Punda

Kituoni walimwita Bi Hapana, na mwenyewe alikuwa analijua jina hilo, kwa sababu kituo cha polisi ndiyo mahali pa mwisho pa kuweka siri. Alilipata mwaka wake wa kwanza katika upelelezi, alipokataa kutia saini jalada la mtu aliyekiri kuiba gari ilhali hata kuliwasha hajui. Tangu hapo kila mkubwa wake mpya alikuwa anaambiwa mapema: huyu mama kazi anaijua, ila usimpe kalamu ukiwa na haraka.

Asubuhi hiyo Mkuu wa Upelelezi alikuwa na haraka.

"Jalada hili hapa," alisema, akalisukuma juu ya meza. "Mshonaji amechimba chini ya duka lake apate stoo. Njia ya waenda kwa miguu imeporomoka. Mwalimu mstaafu wa watu katumbukia, yuko hospitali, nyonga imevunjika na fahamu hajapata. Shimo lipo, nyundo ipo, mwenye nyundo yuko mahabusu. Unataka nini tena?"

"Kuliona hilo shimo."

"Basi kalione upesi. Alasiri linakuja lori la zege kuliziba. Mhandisi wa jiji ameshaandika kwamba jengo zima ni hatari. Wapangaji wanatoka leo."

"Leo leo?"

"Leo. Na mshonaji anapelekwa mahakamani kesho. Mbona unanitazama hivyo?"

"Nashangaa tu, Mkuu. Shimo linazibwa kabla hakimu hajaliona."

"Ni shimo, siyo shahidi."

Bi Hapana alilichukua jalada. Kalamu aliiacha mezani.

Mahabusu, mshonaji alikuwa amekaa kwenye benchi wima, kama aliye dukani kwake akisubiri wateja. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, na mtaa mzima ulimwita Bi Pindo kwa sababu pindo lake likishapita mashine halifumuki. Utepe wake wa kupimia walikuwa wamemnyang'anya mlangoni, na mkono ulikuwa bado unautafuta shingoni.

"Shikamoo, mama," Bi Hapana alisema.

"Marahaba. Koti lako limekatwa vibaya begani. Nani alikushonea?"

"Nililinunua tayari."

"Inaonekana."

Bi Hapana alivuta kiti. "Wanasema ulichimba, mama."

"Kwa goti hili? Nimechimba na nini, na sindano?"

"Nyundo imekutwa kwako."

"Nyundo ya kupigia vifungo vya suruali. Ukichimba nayo barabara utamaliza wajukuu zako wakiwa wamestaafu."

"Nyuma ya ule ukuta wa chumba chako cha chini kuna nini?"

Hapo Bi Pindo, ambaye kwa kila swali alikuwa na jibu la kejeli, akakosa kejeli. "Udongo," alisema, tena upesi mno.

"Udongo mtupu?"

"Andika udongo. Ukitaka kunifunga, nifunge. Lakini lile duka alikuwa nalo mama yangu, na mama yake, na mama wa mama yake. Sitoki. Nikitoka mtakuwa mmenibeba, na nawaambia mapema, nina uzito."

Bi Hapana aliandika neno moja, udongo, akalipigia mstari. Mwanamke huyu hakuwa anajikinga mwenyewe. Kuna kitu kingine alichokuwa anakikinga, na alikuwa tayari kukilalia jela.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja na la zamani, lenye maduka matano mstari mmoja yakitazama barabara kubwa. Mbele ya duka la ushonaji, njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imezama, imeacha shimo pana lililojaa vipande vya saruji. Utepe wa polisi ulizungushwa kulizunguka, na nje ya utepe wapangaji walikuwa wanabishana na askari wa jiji waliokuja na amri ya kuwatoa. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya uzio wa mabati, mnara mpya wa ofisi ulikuwa unapanda.

Mwenye Jengo alikuwa amewahi kufika. Alikuwa mtu mpole wa sauti, amevaa kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo, na mnara ule wa ng'ambo ulikuwa wake pia.

"Inasikitisha sana, Inspekta," alisema, akimtangulia kushuka ngazi za chumba cha chini cha Bi Pindo. "Mama wa watu. Lakini tamaa ya stoo."

Chumba kilikuwa kidogo. Ukuta uliokuwa upande wa barabara ulikuwa na tundu la kimo cha mtoto, na mbele ya tundu hilo, nje, vifusi vilikuwa vimeziba pote. Matofali ya ukuta yalikuwa yametawanyika sakafuni, ndani ya chumba. Pembeni kulikuwa na majora ya vitambaa na nguo za wateja zikining'inia kwenye bomba, pamoja na gauni la harusi lisilo na mikono bado. Vyote vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Nani amevifunua hivi vitambaa?" Bi Hapana aliuliza.

"Hakuna aliyegusa kitu. Polisi wenyewe walifunga chumba."

"Kwa hiyo ukuta ulipovunjika vilikuwa wazi hivi hivi."

"Bila shaka."

Bi Hapana alipitisha kidole kwenye gauni, akaacha mstari. Fundi cherehani hata akitaka kufagia hufunika kwanza nguo za watu. Huyu eti alichukua nyundo akavunja ukuta hatua mbili kutoka gauni la bibi harusi, na shuka halikuwekwa. Tena anayegonga ukuta akiwa ndani, matofali yake huangukia nje. Haya yalikuwa yamesukumwa kuingia ndani, na kitu kizito kilichoshuka upande wa pili.

"Umeridhika?" Mwenye Jengo aliuliza.

"Nimeona," alisema Bi Hapana. Kuridhika lilikuwa jambo jingine.

Katika duka la jirani, Kinyozi alikuwa hajafungasha hata kitana. Kule nje wenzake walikuwa wanapaza sauti, yeye alikuwa anamnyoa mteja taratibu, kwa mashine ya umeme na redio imefunguliwa chini.

"Afande, karibu ukae. Foleni ni fupi leo."

Bi Hapana hakukaa. Alitazama sakafu. Nywele zilizoanguka zilikuwa nyeusi, sakafu nyekundu, kuta za kijani cha siku nyingi. Viatu vya Kinyozi vilikuwa vyeupe kwa chokaa.

"Unapaka rangi?"

"Nina mpango."

"Na magoti ya suruali?"

"Na magoti yana mpango."

Mteja alicheka, kisha akaona uso wa Bi Hapana akaacha. Mwisho wa chumba kulikuwa na pazia. Bi Hapana alilifungua, akakuta mkeka uliochafuka kwa grisi, na juu yake jeki kubwa ya kunyanyulia magari.

"Una gari?"

"Sina hata baiskeli."

"Basi zima hiyo mashine."

Kinyozi alizima. Bi Hapana alidhani kazi imekwisha. Jirani, mwenye chokaa magotini, mwenye zana nzito iliyofichwa, aliyebaki dukani kwake kwa utulivu ilhali mwenzake yuko ndani. Alitoa pingu.

"Mteja, nenda nyumbani," Kinyozi alisema.

"Nusu kichwa?"

"Nusu nyingine nitakunyoa bure."

Mteja alitoka ameshika upande wenye nywele. Kinyozi alinyoosha mikono yake mwenyewe, bila kuombwa.

"Ukinipeleka huko, Afande, nitanyamaza kama Bi Pindo alivyonyamaza. Tumeapa."

"Nani na nani?"

"Wapangaji wote watano."

"Mliapa mharibu barabara?"

"Tuliapa tusiseme."

"Mwenzenu anakwenda jela kwa kutosema huko."

"Anajua."

"Na zege linamwagwa alasiri, jalada linafungwa, mmekwisha."

Kinyozi alishusha mikono. "Zege? Linamwagwa wapi?"

"Shimoni. Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa tutoke. Hatukuambiwa zege." Alitazama pingu, akatazama pazia. "Likimwagwa pale halitakaa pale, Afande. Litatambaa mpaka…"

"Mpaka wapi?"

Kinyozi akaenda kuisogeza jeki na kuuvuta mkeka. Chini yake palikuwa na mlango wa mbao, na chini ya mlango, ngazi.

Bi Hapana alitangulia na tochi, kwa sababu mshukiwa hatangulizwi. Alitarajia handaki au stoo ya magendo. Alipogusa chini, alijikuta amesimama barabarani.

Ilikuwa barabara kweli, ya mawe yaliyochongwa, yenye mfereji wa maji kando. Kulia kwake kulikuwa na mstari wa maduka, milango na madirisha ya vioo yakitazama giza. Juu, mahali pa mbingu, kulikuwa na dari la mabamba ya saruji lililobebwa na nguzo nene za matofali, na kupitia dari hilo ilisikika miguu ya watu na magari ya jiji. Sanduku la posta lilikuwa bado limejengewa ukutani. Nguzo ya taa ilisimama imekatwa kichwa, kwa kuwa isingetosha chini ya dari. Na ukutani, kwa rangi iliyofifia, yalikuwepo maandishi: MARUFUKU KUFUNGA PUNDA HAPA.

"Hii ni nini?" Sauti yake mwenyewe ilimrudia.

"Ndiyo barabara kubwa," alisema Kinyozi. "Ile ya juu ni mtoto wake. Zamani mto ulikuwa unaingia madukani kila mvua. Baraza la jiji likachoka, likaamua kuinua barabara kimo cha chumba kizima. Wakajenga nguzo, wakatandika mabamba, wakawaambia wenye maduka: madirisha yenu ya juu sasa ndiyo milango. Kila mtu akahamia juu, isipokuwa bibi mzaa nyanya yake Bi Pindo. Alisema waliopandisha barabara watakuja wenyewe kuishusha. Akaendelea kushona hapa hapa kwa taa ya mafuta, na wateja wakawa wanamshukia kwa ngazi mpaka alipofariki."

"Na punda?"

"Punda mmoja alisahauliwa. Walipoziba bamba la mwisho wakamsikia chini analia. Ikabidi apandishwe kupitia duka la ushonaji, katikati ya watu waliokuja kupimwa nguo. Wanasema aliondoka na koti la mtu."

Bi Hapana alijikuta anacheka, akajikanya. Alimulika mbele. Upande wa duka la Bi Pindo, vifusi vilikuwa vimejaa hadi juu. Mbele yake kidogo zilisimama jeki mbili, kila moja imekaa juu ya gogo, zimelibeba bamba mahali ambapo palipaswa kuwa na nguzo.

"Hizi zenu?"

"Zetu. Tuliazima kwa mafundi wa gereji. Mwezi huu tulishuka tukakuta nguzo moja haipo. Tukatia jeki. Tukashuka tena, ya pili haipo. Tukatia nyingine. Ile uliyoiona dukani ilikuwa ya nguzo ya tatu. Hatukuwahi."

"Na mkanyamaza."

"Tungemwambia nani? Mhandisi? Angesema kuna shimo chini ya barabara, jazeni zege, bomoeni jengo. Si ndicho anachosema sasa?"

"Na Mwalimu?"

Kinyozi aligeuza uso ukutani. "Mwalimu ni mteja wangu tangu ana nywele za kunyolewa. Alikuwa ametoka kwenye kiti changu. Nilimwambia kwaheri, nikasikia mshindo. Mimi najua kosa letu, Afande. Silali."

Bi Hapana alimkasirikia, na alitaka ajue kwamba amemkasirikia, kwa hiyo hakumfariji. Alipiga magoti kwenye nguzo ya kwanza iliyotolewa. Kisiki chake kilikuwa kimekatwa safi, safu kwa safu, kwa patasi. Halafu akageuza tochi, akaona kitu kilichomfanya asahau hasira.

Kando ya ukuta, matofali ya nguzo yalikuwa yamepangwa. Hayakutupwa wala kurundikwa, yalipangwa kwa unadhifu, mstari juu ya mstari: manne yamelazwa, la tano limesimamishwa, manne yamelazwa, la tano limesimamishwa. Alichukua moja. Chokaa kuukuu ilikuwa imekwanguliwa pande zote kwa mwiko.

"Nani aliyapanga?"

"Sisi tuliyakuta hivyo. Hatujayagusa."

Mama yake Bi Hapana alikuwa kibarua wa kubeba matofali, na binti utoto wake wote aliupitisha kwenye mchanga wa ujenzi. Alijua kwamba kila fundi mkuu ana mpango wake wa kupanga tofali, na vibarua wake hufuata huo huo. Alijua pia kwamba mtu aliyetumwa kuharibu hana sababu yoyote ya kusafisha. Mharibifu angelitupa tofali na kukimbia. Huyu alikaa gizani, na hatari ikiwa juu ya kichwa chake, akalikwangua moja moja, kwa sababu mkono wake haukukubali kutupa tofali zima.

"Huku kunatokea wapi?" Alimulika upande wa pili, ambako barabara ya chini ilikuwa inakata kona na kupita chini ya barabara ya juu.

"Mwisho wake ni ukuta. Siku zote ulikuwa ukuta."

Haukuwa ukuta tena. Walikuta mbao mpya zimeegeshwa juu ya tundu, na udongo wenye alama za buti. Bi Hapana alizisukuma, akajipenyeza. Nondo iliyochomoza ilimnasa kiwiko, na lile koti lililoshonwa vibaya likapasuka kutoka kiwiko hadi karibu na bega. Alipanda rundo la mchanga, akatoka kwenye mwanga mkali wa adhuhuri, ndani ya uzio wa mabati. Juu yake ulisimama mnara wa Mwenye Jengo.

Fundi mkuu wa matofali alikuwa jukwaani, akipiga mstari. Vibarua walimwita Timazi, kwa kuwa kuta zake hazikuwahi kulalia upande wowote. Nyuma yake matofali mapya yalisubiri kupandishwa: manne yamelazwa, la tano limesimama.

"Nani kakupangia haya?" Bi Hapana aliuliza kutoka chini.

"Vijana wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Ukisimamisha la tano, jicho linahesabu lenyewe." Aliliona koti lake lililochanika na kitambulisho mkononi. "Umeanguka, Afande?"

"Nimetoka kule kwenye tangazo la punda."

Timazi alilaza mwiko wake juu ya ukuta, polepole, ukingoni kabisa. Alishuka. Alikuwa mtu mkubwa, na alivyoshuka alizidi kuonekana mdogo.

"Sijui unachosema."

"Unajua. Swali langu si nani alitoa zile nguzo. Swali langu ni kwa nini uliyasafisha."

Timazi alilitazama jengo la ng'ambo.

"Yale ni matofali ya kuchomwa kwa kuni," alisema hatimaye. "Ukiyagonga yanalia kama kengele. Hayatengenezwi tena yale, Afande. Ningeyatupaje?"

"Nani alikutuma?"

"Unamjua."

"Nataka kukusikia."

"Mwenye Jengo. Alisema wapangaji wamekataa kutoka, kesi mahakamani itachukua miaka. Jengo likipasuka kidogo tu, Mhandisi atawatoa kwa siku moja. Nikamwambia watu wanapita pale juu. Akaniapia kwamba ataweka uzio kabla haijashuka. Nilipotoa nguzo ya tatu nikampigia: weka uzio leo. Akasema kesho." Alijifuta uso kwa mkono wenye saruji, akauacha uso mweupe. "Yule Mwalimu yuko hai?"

"Yuko hai. Omba abaki hivyo. Utayasema haya kituoni?"

"Nitayasema. Nimechoka nayo."

Bi Hapana alimkabidhi kwa konstebo wa lindo, kisha akampigia Mkuu. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: vitambaa, nguzo, matofali, Timazi.

"Neno la fundi dhidi ya neno la mwenye mnara," Mkuu alisema. "Wakili wake atamtafuna asubuhi moja."

"Ndiyo maana nahitaji yale matofali na visiki vya nguzo. Vyote viko chini. Zuia lori."

"Lori ni la jiji, siyo langu. Limeshatoka. Sikiliza, tia saini jalada la mshonaji, hayo mengine tutayaangalia baadaye."

"Baadaye yatakuwa chini ya zege."

"Nakuamuru."

"Nimekusikia, Mkuu. Hapana."

Alikata simu, akaelekea mahabusu. Miaka yote hiyo hapana zake zilikuwa za kukataa tu. Hii ilidai afanye kitu.

Sheria humruhusu mpelelezi kumpa mshukiwa dhamana ya polisi, na Bi Hapana aliijaza akiwa amesimama. Bi Pindo hakuinuka kwenye benchi.

"Nimeshuka, mama," Bi Hapana alimwambia. "Nimeuona mtaa wa bibi yako."

"Nani kakupeleka?"

"Usimlaumu. Zege liko njiani. Nikiandika ripoti ya kweli, mtaa wa chini utajulikana na kila mtu. Nisipoandika, wewe unafungwa na mtaa unafukiwa."

Macho yalimlowa Bi Pindo, na hakuyaficha. "Mama aliniapisha nisiseme," alisema. "Tulidhani tukificha ndiyo tumelinda. Kumbe tuliwaachia wabomoaji giza la kufanyia kazi." Kisha akasimama, goti likalia. "Niletee utepe wangu. Na umwambie Kinyozi ashushe cherehani, ile ya miguu, isiyotaka umeme."

Lori lilifika likizungusha pipa lake. Mhandisi alikuwa na karatasi mkononi, Mwenye Jengo na kofia yake safi, na Mkuu mwenyewe alikuwa ameteremka garini bila kufunga mlango. Dereva alielekeza mfereji wa zege shimoni, mwanya ulipokuwa mkubwa kati ya vifusi, akashika mkono wa kufungulia. Akasita.

Kutoka chini ya barabara ilikuwa inasikika cherehani.

Dereva aliinama akachungulia. Ng'ambo ya vifusi, kupita jeki ya pili, pale nguzo za zamani zilipokuwa bado zote, kulikuwa na mwanga wa taa. Bi Pindo alikuwa amekaa mbele ya mlango wa duka moja la zamani, gauni la harusi limetandazwa magotini, anatia mkono wa kwanza. Chini ya tangazo la punda, Kinyozi alikuwa anamalizia nusu ya pili ya kichwa cha mteja wake. Wapangaji wengine watatu walikuwa wameshusha biashara zao wakazipanga kandokando ya mawe.

"Kuna watu humu," dereva alisema.

"Watatoka," alisema Mwenye Jengo. "Mwaga taratibu."

"Umesema?"

"Mimi nasema watatoka wakiona—"

"Mimi simwagi zege juu ya watu, mzee." Dereva aliachia mkono wa kufungulia. "Na siwezi kukaa. Likiganda humu ndani, pipa ni la kutupa. Nina msingi mwingine wa kujaza kabla halijakauka." Alipanda, akakunja mfereji, na lori likaondoka na zege lake.

Mwenye Jengo alimgeukia Mkuu. "Waamuru polisi wako wawatoe."

Mkuu alikuwa amechuchumaa ukingoni. Tochi yake ilikuwa imetua juu ya matofali yaliyopangwa kando ya ukuta, manne na moja, manne na moja, na hata mtu asiyetaka kuona angeona. Ng'ambo ya barabara, jukwaani juu ya uzio, yalionekana mengine yaliyo vile vile.

"Timazi yuko kituoni, anaandika maelezo," Bi Hapana alimwambia Mwenye Jengo, bila kupaza sauti. "Amefika kwenye ile siku uliyosema kesho. Konstebo, kaa na huyu bwana."

Konstebo alimshika Mwenye Jengo kiwiko.

"Hata hivyo amri ya Mhandisi ipo," Mkuu alinong'ona, akisimama. Alionekana amechoka. "Jengo bado limeandikwa hatari. Hao watu kule chini hawaruhusiwi. Watoe, Bi Hapana." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo usoni.

Bi Hapana aliingia duka la Kinyozi, akapita pazia, akashuka ngazi. Mawe ya barabara ya zamani yalikuwa yamepata vipande vya nyuzi na nywele, na redio ilikuwa imeshushwa pia. Alitembea mpaka mbele ya cherehani, akavua koti, akaliweka juu ya meza, upande uliochanika juu.

Bi Pindo alisimamisha mguu. Alilipima bega kwa utepe, akauvuta ule mpasuko, akaguna.

"Naweza kulipata leo?" Bi Hapana aliuliza.

"Bega nalo nilifumue?"

"Na bega."

"Basi kaa," alisema Bi Pindo, akilirudia gauni. "Wewe ni wa nne kwenye foleni, na leo hatufungi."